MySQL Imekukataa? Soma Namba Kabla Uguse Paswadi

Uko Umoja na laptopu, bando ya simu, mteja anataka tovuti ya duka lake leo, na databesi iko kwa seva huko mbali inakukatalia. Msee, usikimbilie kubadilisha paswadi. Cheki ile namba ya kosa.

2003 ni hujafika hata mlangoni: porti 3306 imefungwa, ama MySQL inasikiza 127.0.0.1 pekee. 1045 ni umefika, lakini jina na paswadi haviingiani. Hiyo "using password: YES" haisemi paswadi ni fiti, inasema tu ulituma moja.

1130 ndio ngori ya mtaa. Seva haiitambui IP yako. Kwa MySQL jina huenda na mahali: 'duka'@'localhost' si 'duka'@'%'. Na bando hubadilisha IP, ile uliruhusu jana leo iko na mwingine. Wengi hapo huweka '%' na kufungulia dunia nzima 3306. Zii! Maboti husaka hiyo porti usiku na mchana.

Pitia SSH: ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 jina@seva, halafu unganisha kwa 127.0.0.1, porti 3307. MySQL itakuona kama mtu wa nyumbani, na ile akaunti ya localhost itakubali, hata IP ibadilike mara kumi.