Limfoma ya Burkitt: ni watoto gani wako katika hatari, na mzazi afanye nini

Limfoma ya Burkitt ni saratani inayoanzia kwenye seli nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi. Duniani ni nadra, lakini katika ukanda wetu wenye malaria nyingi huwapata watoto zaidi kuliko kwingineko. Ilipewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda.

Ni nini kinachoongeza hatari?

- Umri na jinsia: Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, na wavulana kuliko wasichana.
- Malaria ya mara kwa mara: Hudhoofisha kinga ya mtoto.
- Virusi vya Epstein-Barr: Huenea kwa mate. Karibu kila mtoto huvipata akiwa mdogo, na wengi mno hawapati saratani.
- VVU: Huongeza hatari kwa watoto na watu wazima.

Saratani hii haiambukizwi, na wala mtoto hajarogwa. Usimfiche, na usimtenge na wenzake.

Dalili za kuangalia

- Uvimbe kwenye taya au uso, au meno kulegea bila sababu
- Jicho kutokeza nje
- Tumbo kuvimba
- Miguu kukosa nguvu ghafla

Ufanye nini?

Ukiona dalili hizi, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Usiishie kumng'oa jino, na usikubali uvimbe uchanjwe. Omba mtoto apimwe, na uulize utaratibu wa rufaa ya kwenda hospitali kubwa.

Watoto wengi wanaowahi matibabu na kumaliza dawa zote hupona. Uvimbe unaweza kunywea baada ya siku chache tu za dawa, lakini hiyo haimaanishi kwamba ugonjwa umekwisha. Usikatishe matibabu. Kama unapanga kuhama au kurejea nyumbani, zungumza kwanza na daktari.

Jinsi ya kupunguza hatari

Mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa, apimwe malaria mapema, na amalize dozi hata kama anaonekana amepona.