Injili Nje ya Geti: Vile Wahubiri Hupiga Kazi Olimpiki na Kombe la Dunia

Kama unapanda mathree asubuhi, hii unaijua: msee anasimama katikati, anafungua Biblia, na kabla mfike tao bahasha ya sadaka ishapita. Sasa peleka huyo msee Olimpiki, kwa umati wa watu kutoka kila pembe ya dunia. Atatoboa? Inategemea amesimama wapi.

Ndani ya uwanja
Hapo ni ngori. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza propaganda za siasa, dini na rangi kwenye maeneo ya michezo. Soka nayo imekaza. Mwaka 2002, Brazil ilipochapa Ujerumani 2-0 fainali ya Kombe la Dunia kule Yokohama, Kaká alisherehekea na fulana iliyosema yeye ni wa Yesu. Leo sheria za soka haziruhusu maneno ya dini kwa fulana ya ndani.

Lakini kuna wenye hupata njia. Paris 2024, Rayssa Leal wa Brazil, dem wa miaka 16 anayecheza skateboard, alitumia lugha ya ishara mbele ya kamera kusema Yesu ndiye njia, kweli na uzima. Hakutoa sauti. Siku hiyo alibeba shaba.

Kijijini kwa wanariadha
Huko kuna kituo cha dini mbalimbali chenye makasisi, maimamu na viongozi wengine. Hapa hakuna kufuatana na mtu hadi mlangoni. Anayetaka maombi ndiye huenda mwenyewe.

Mtaani
Hapa ndipo kazi kubwa iko. Munich 1972, shirika la YWAM lilipeleka vijana karibu 1,000 kuhubiri. Halafu Septemba 5, magaidi wakavamia kijiji cha Olimpiki, na Waisraeli 11 wakauawa. Mbogi iliyokuja kuongea na watu wa sherehe ikajipata kwa mji wenye matanga. Hapo spika haisaidii. Unakaa na watu.

London 2012, makanisa yaliungana chini ya More Than Gold. Waumini waligawa maji bure na wengine wakafungulia familia za wanariadha nyumba zao, sababu hoteli za msimu kama huo si za mfuko wa kila mzazi.

Sheria ya nchi kwanza
Si kila mahali unaweza gawa trakti. Qatar, wenyeji wa Kombe la Dunia 2022, kumhubiria Mwislamu dini nyingine ni kosa la kukufunga jela.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa AFCON 2027, kwa hivyo hii stori inakuja nyumbani. Kama kanisa lenu linapanga kushuka Kasarani, jueni rada ya geti mapema. Na kumbukeni, shabiki aliyepotea usiku na hajui stage ya kurudi keja atamsikiza kwanza yule aliyemwonyesha njia.