Vibao vya Buluu vya Jozani

Mgeni akishuka garini kwenye msitu wa Jozani, Unguja, huangalia juu, kwenye matawi, kumtafuta kima punju. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na watu walioingia msitu huohuo macho yakiwa chini, kwenye vichaka. Walikuwa wakikagua vibao vya rangi ya buluu na nyeupe vilivyopakwa gundi isiyokauka. Inzi aliyenasa alibanduliwa polepole asikatike mabawa, akatiwa kwenye kichupa, na jina la mahali na tarehe vikaandikwa. Kisha wakaguzi wakaenda kwenye kibao kinachofuata.

Inzi waliyemtafuta ni mbung'o. Bara kuna mbung'o wa aina nyingi, lakini Unguja ilikuwa na aina moja tu, ambayo wanasayansi huiita Glossina austeni. Ni mdogo kuliko ndugu zake wa mbugani, na makazi yake ni kivuli: msitu mzito na vichaka vya maweni. Hakuleta malale kwa watu wa kisiwa hiki, ila aliwatesa ng'ombe. Alipowauma aliwapa vimelea vya nagana, na mfugaji anayeijua nagana hahitaji kuelezwa dalili zake. Ng'ombe anakula lakini anakonda, manyoya yanamsimama, mimba inatoka, maziwa yanakatika. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa ndiye aliyeathirika haraka zaidi, na kwa hiyo kumleta kisiwani kulikuwa kama kumpeleka machinjioni.

Miaka ya 1980 Zanzibar ilijaribu njia ya dawa. Wataalamu wa mifugo, wakisaidiwa na Umoja wa Mataifa, waliwamwagia ng'ombe dawa mgongoni, ili kila mbung'o atakayetua kunyonya damu afe. Waliweka pia vitambaa vyenye sumu. Palipokuwa na ng'ombe wengi, mbung'o walipungua kweli. Lakini Jozani hapachungwi ng'ombe, na mbung'o wa humo aliishi kwa damu ya wanyama wa porini, asiikaribie dawa hata siku moja. Msitu ukabaki ghala la mbung'o.

Hapo ndipo tabia ya mdudu mwenyewe ilipogeuzwa kuwa silaha, na sehemu hii ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha habari yote. Mbung'o jike hatagi mayai. Hubeba mtoto mmoja tumboni, akimlisha kwa maziwa ya mwilini mwake, na kila baada ya siku tisa au kumi huzaa buu aliyekwisha kukomaa. Buu huyo hujichimbia ardhini na kugeuka bundo, kitu kigumu cheusi mfano wa punje, na hukaa hivyo takriban mwezi mzima kabla ya kutoka akiwa na mabawa. Kwa mdudu, huo ni uzazi wa taratibu mno. Tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, akahifadhi mbegu za dume huyo na kuzitumia mpaka mwisho wa uhai wake. Akikutana na dume tasa siku hiyo ya kwanza, amekwisha, hatazaa.

Wazo la kuvuruga uzazi wa mdudu ili kummaliza lina mizizi hapa kwetu, jambo ambalo wengi hawalijui. Shinyanga ndiyo iliyokuwa ngome ya utafiti wa mbung'o enzi za Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Miaka ya 1940 mtafiti F. L. Vanderplank alichukua mbung'o wa aina moja na kuwaachia katika eneo la aina nyingine iliyo karibu nayo, akijua kwamba ndoa zao hazina kizazi. Wenyeji wakapungua karibu kuisha, na wageni nao ukame wa pale ukawashinda. Huko Marekani, mtaalamu wa wadudu Edward Knipling alikuwa akiwaza jambo la jinsi hiyo kwa njia nyingine, ya kuwafanya madume wawe tasa kwa mionzi. Mwaka 1954 njia yake ilimaliza inzi wa vidonda katika kisiwa cha Curaçao. Miaka ya 1970 jaribio la mbung'o lilifanywa Mkwaja, mkoani Tanga, kwenye ranchi ambayo leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Walipungua, lakini bara ni bara: unafagia huku, wanaingia kwa kule. Unguja imezungukwa na bahari.

Mwaka 1994 kazi ya kuachia madume tasa Unguja ilianza kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna. Mbung'o walizalishwa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o, ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Leo maabara za kuchunguza tabia za wanyama huunganisha vizimba, vihisi na kompyuta kwa mtandao mmoja. Mnyama akigusa kitu hapa, ishara inafika kule, amri inarudi, mlango unafunguka au chakula kinadondoka. Nikiisoma kazi ya Tanga na Unguja naona umbo hilohilo, isipokuwa kizimba kilikuwa kisiwa kizima cha kilomita za mraba zaidi ya 1,600, na mahali pa waya palikuwa na ndege, madaftari na miguu ya watu.

Anza na chumba. Mbung'o wa kufugwa hustawi kwenye joto la nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 75 hadi 80. Vidhibiti joto na vyombo vya kuongeza unyevu havikuwa anasa ya maabara. Bundo hufuata joto kama saa inavyofuata majira: majike hutoka kwanza, na madume huwafuata siku mbili hivi baadaye. Joto likiwa thabiti, pengo hilo linatosha kuwatenga wake na waume bila kumshika hata mmoja. Joto likiyumba, wanachanganyika, na anayetakiwa kwa kazi ya angani ni dume peke yake.

Halafu chakula. Mbung'o hula damu tu, dume na jike. Damu ya ng'ombe kutoka machinjioni ilimwagwa juu ya sahani iliyopashwa joto la mwili, ikafunikwa kwa utando mwembamba wa silikoni. Juu yake ziliwekwa tundu zenye kitambaa cha wavu, zimejaa mbung'o. Mdudu haoni ng'ombe, hasikii harufu ya ng'ombe. Anahisi joto likipanda kutoka chini, na hilo linamtosha kuamini. Anashusha mrija wake, anautoboa utando, na kwa dakika chache tumbo lililokuwa bapa linajaa na kuwa jekundu kama tone la hina. Sahani ikipoa kidogo, hali. Kwa hiyo maisha ya kundi zima yalitegemea waya wa kupasha joto chini ya sahani, na yule aliyekuwa akiuangalia.

Madume yalipita kwenye mionzi ya gama, kiasi cha kuwaondolea kizazi bila kuwaondolea hamu na nguvu za kuruka. Kipimo hicho kinataka mkono mwangalifu: ukizidisha, dume hoi hatamfikia jike, ukipunguza, umeongeza mbung'o kisiwani kwa gharama ya serikali. Kabla ya safari walilishwa damu iliyotiwa dawa ya kuua vimelea, maana dume naye huuma, na haikufaa kuwaletea ng'ombe wa Unguja maradhi mapya. Kisha wakafungwa kwenye maboksi ya karatasi ngumu.

Mtu wa Mji Mkongwe aliyeiona ndege ndogo ikipita juu ya kisiwa huenda alidhani imebeba watalii. Kumbe ilibeba mabwana harusi. Ilipita kwa mistari iliyopangwa, ikidondosha maboksi, nayo yakafunguka na mbung'o kutawanyika juu ya miti. Tangu 1994 hadi 1997 walidondoshwa madume tasa zaidi ya milioni 8.

Lakini ndege bila vibao ingekuwa kipofu, na vibao vyenyewe havikupatikana kwa urahisi. Mitego iliyokuwa ikisifiwa bara, ile ya vitambaa inayowanasa mbung'o wa mbugani, haikumvutia huyu wa vichakani. Mtafiti Marc Vreysen na wenzake wa Zanzibar, akiwamo Khalfan Saleh, walilazimika kujaribu maumbo na rangi mpaka wakamjua anapenda nini. Jibu likawa kibao cha buluu na nyeupe chenye gundi, maana hata mbung'o asiyetaka kuingia mtegoni hutua kidogo kukagua, na akitua tu hatoki. Kwangu mimi, hicho ndicho chombo kikubwa kuliko vyote katika hadithi hii, ingawa ndicho rahisi kuliko vyote.

Vichupa vilivyotoka porini viliwekwa chini ya darubini na taa ya urujuanimno. Madume ya Tanga yalikuwa yametiwa poda ya rangi tangu walipotoka kwenye bundo, na chembe zake hubaki kichwani. Chini ya taa ile zinang'aa. Asiyeng'aa ni mwenyeji. Wakihesabu wanaong'aa na wasiong'aa, wanajua kila mwenyeji mmoja anashindana na wageni wangapi. Majike ya mwituni yalipasuliwa ili kutazama tumbo la uzazi: limebeba, au limebaki na yai lililooza? Majibu hayo yalirudi kwa wapangaji wa safari, nao wakaongeza maboksi pale ambapo wenyeji bado walikuwa wengi. Kibao kikisema, ndege inasikia.

Mwaka 1995 majike yaliyokosa watoto yalizidi kuongezeka kwenye darubini. Mbung'o wa mwituni wakapungua vibaoni mwezi baada ya mwezi. Septemba 1996 alinaswa mmoja. Baada yake hakunaswa mwingine.

Matunda yalionekana mazizini. Nagana ilipoisha, wafugaji wadogo wakathubutu kuleta ng'ombe wa kisasa, maziwa yakaongezeka, na maksai wakawa na nguvu za kukokota jembe na gari. Mwaka 2000 matokeo yalichapishwa katika jarida la kisayansi, na mwaka huohuo viongozi wa Afrika waliokutana Lomé waliazimia kumwondoa mbung'o bara zima, wakiwa na mfano wa Unguja mbele yao.

Lakini mwezi ule wa Septemba 1996 hakuna aliyejua kuwa huyo ndiye wa mwisho. Kibao kitupu kinaweza kuwa na maana mbili, ama hakuna mbung'o, ama yupo na hajatua. Kwa hiyo chumba cha Tanga kiliendelea kuwekwa kwenye joto lake, sahani za damu zikaendelea kupashwa moto, na ndege ikaendelea kuruka kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi Desemba 1997, ikiwadondosha mabwana harusi juu ya msitu usio na bibi harusi hata mmoja. Wakaguzi waliendelea kuvipitia vibao vya Jozani na kuleta vichupa. Chini ya taa, kila mbung'o aling'aa.