Tunguu, Ungwana, Nairobi: Njia ya Wanafunzi Kwenda Angani

Gari itokayo mjini Unguja ikishapita Amani na Mwanakwerekwe hushika njia ya Fuoni, na haichukui muda hufika Tunguu, wanakoshuka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kabla chuo hicho hakijafikiriwa, Tunguu ilikuwa na shughuli nyingine kabisa. Hapo Wamarekani walisimamisha antena za kuzungumza na watu waliokuwa wakizunguka dunia.

Mwaka 1960, miaka 3 tu baada ya Warusi kurusha Sputnik, Marekani ilikuwa ikijiandaa kumpeleka mtu angani katika mradi wake wa Mercury. Chombo kinachoizunguka dunia kwa chini ya dakika 90 hakikai mbele ya kituo kimoja zaidi ya dakika chache; kinaibuka upeo wa huku na kuzama upeo wa kule. Ikabidi uwepo mnyororo wa vituo 18, viwili kati yake vikiwa ndani ya meli, ili rubani asibaki kimya muda mrefu. Zanzibar ilikuwa chini ya njia ya chombo hicho. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala kwa jina la ulinzi, ilitiliana saini na Marekani Oktoba 1960, na kituo kikajengwa.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3 ndani ya Friendship 7. Alipoikata Afrika kutoka magharibi, alizungumza na Kano huko Nigeria, kisha Zanzibar, kisha meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi, kisha Muchea huko Australia. Vituo vya namna hiyo vilikuwa na mtu wa kuongea na rubani, daktari wa kusoma mapigo ya moyo wake kutoka mbali, na mafundi wa kuchunguza hali ya chombo. Mwaka uliofuata, Mei 1963, Gordon Cooper alizunguka mara 22, na kwa safari hiyo mradi wa Mercury ukafungwa.

Lakini kisiwa chenyewe kilikuwa kikichemka kwa uchaguzi na madai ya uhuru. Wanasiasa wa Zanzibar Nationalist Party, Abdulrahman Babu akiwa mstari wa mbele, waliupinga mradi ule tangu mwanzo. Dola kubwa ikisimika mitambo yake katikati ya vita baridi, walisema wapinzani, haitachelewa kuleta na makombora. Mitambo ya Tunguu ilikuwa ya kusikiliza na kusema tu, haikuwa na kombora. Hata hivyo siwezi kuiita hofu ile ya kijinga. Mkataba ulisainiwa na London na Washington juu ya ardhi ya watu ambao hawakuketi mezani, na mtu asiyeulizwa ana haki ya kushuku.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, yale yale ambayo kwa miaka mingi yamesherehekewa katika Uwanja wa Amani, Wamarekani wengi waliondoshwa kisiwani kwa manowari ya Manley. Aprili mwaka huo Rais Abeid Amani Karume akataka kituo kiondolewe, na kazi yake ikahamia Madagaska. Zanzibar wakati ule haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kituo kilijengwa kwa haja ya wengine, na haja ilipohama nacho kikahama, bila kuacha darasa wala karakana ambamo kijana wa Unguja angeendelea pale mafundi walipoishia.

Kaskazini zaidi, katika pwani ya Kenya, mambo yalikwenda njia nyingine. Luigi Broglio, mwalimu wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma, alikuwa akitafuta mahali karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe hukisukuma chombo kinachorushwa kuelekea mashariki na kukipunguzia kazi. Akapapata katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Majukwaa ya chuma yalisimikwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo kwa roketi ya Scout. Kwa mara ya kwanza pwani ya Waswahili ilituma kitu kikabaki angani.

Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa kutoka huko setilaiti ya Marekani ya kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, akaiita setilaiti hiyo Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo hadi leo katika vitabu vya falaki duniani kote, kwa sababu Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, vingine vikiwa havijawahi kujulikana na mtu. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti ilipaa kutoka Ungwana mwaka 1988. Antena zilizoko nchi kavu zilibaki zikifanya kazi, na muhimu zaidi, ulibaki uhusiano na Chuo Kikuu cha Roma. Jambo hilo lilikuja kuzaa matunda miaka 30 baadaye.

Wakati Uhuru inapaa, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba setilaiti si mali ya mataifa makubwa peke yao. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliopenda redio na vyombo vya anga, walianza kuunda setilaiti iliyokuja kuitwa Australis-OSCAR 5. Haikuwa na paneli za sola, ilikwenda kwa betri tu. Antena zake zilikuwa utepe wa chuma wa futikamba ya seremala: unaukunja roketini, na ukiachiwa huko juu hunyooka wenyewe. Ilipelekwa Marekani mwaka 1967, ikangoja nafasi hadi 23 Januari 1970 ilipobebwa pamoja na setilaiti ya hali ya hewa. Ilisikika kwa takriban wiki 6. Tangu kuanza kazi hadi kuruka ilipita karibu miaka 4, muda wa kutosha kijana kuingia chuoni na kutoka. Kila chuo kilichofuata kimekutana na shida hiyo ya muda.

Shida hiyo ndiyo iliyowasumbua Jordi Puig-Suari wa California Polytechnic na Bob Twiggs wa Stanford. Mwaka 1999 wakapendekeza kipimo kimoja kwa wote: mchemraba wa sentimeta 10 kila upande, wenye uzito wa kilo 1 hivi, unaoingia katika kisanduku cha kuuachia ambacho roketi yoyote inaweza kukibeba. Mwenye roketi hahitaji tena kuogopa kila kifaa kigeni cha wanafunzi, maana kisanduku ni kile kile na kimekwisha kupimwa. Mwanafunzi naye anajua tangu siku ya kwanza mipaka ya kazi yake. Michemraba ya kwanza ilipaa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003, na vyuo vya nchi ambazo hazikuwahi kuota anga vikaanza kupiga hesabu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kati ya hivyo. Japani, kupitia shirika lake la JAXA, na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu walikuwa wamefungua mpango wa KiboCUBE: chuo cha nchi inayoendelea kinaunda mchemraba wake, nao wanaufikisha angani bila malipo. Mwaka 2016 Nairobi ikawa ya kwanza kuchaguliwa duniani. Mshirika wake wa kiufundi alikuwa Sapienza, chuo kile kile cha Roma alichofundisha Broglio. Setilaiti ikaitwa 1KUNS-PF. Ilipaa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Aprili 2018, na tarehe 11 Mei ikaachiwa kutoka chumba cha Kijapani cha Kibo, kilomita 400 hivi juu ya dunia, ikiwa na kamera 2. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ilikuwa imetoka chuoni. Iliteremka kidogo kidogo kama inavyotarajiwa kwa kitu cha kimo hicho, ikaungua katika hewa mwaka 2020.

Rwanda ilifuata Novemba 2019 na RWASAT-1, iliyoundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo. Uganda iliwapeleka wahandisi 3, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakaunda PearlAfricaSat-1 iliyoachiwa angani tarehe 2 Disemba 2022. Kituo chake cha mawasiliano kilikuwa Mpoma, wilaya ya Mukono. Kenya ikarudi Aprili 2023 na Taifa-1, kubwa mara 3 ya ile ya kwanza.

Mtu akisikia habari hizi hudhani kazi kubwa ni roketi. Roketi hukodiwa, au kama tulivyoona, hutolewa bure. Kazi ya mwanafunzi iko mezani. Setilaiti ya kimo cha kilomita 400 hivi huzunguka dunia kwa dakika 92 hivi, na zaidi ya theluthi ya muda huo hupita gizani, kwa hiyo betri lazima ichajiwe na kutumika zaidi ya mara 15 kila siku bila kuchoka. Chuma kinachopigwa na jua kali muda si mrefu baadaye kiko katika baridi kubwa, na viungo vilivyolehemiwa vibaya hupasuka. Hakuna hewa ya kupoza, hivyo joto la kompyuta lazima lipewe njia ya kutokea kwenye fremu. Kabla ya kukabidhiwa, kifaa hutikiswa juu ya meza maalumu kama kitakavyotikiswa na roketi, kisha huwekwa katika chumba kisicho na hewa na kupashwa na kupoozwa. Na baada ya yote hayo, setilaiti nyingi za vyuo vinavyojaribu mara ya kwanza zimefika salama na hazikusema neno. Pengine antena haikufunguka, pengine programu ilikwama, pengine walioko chini hawakujua jinsi ya kuzisikiliza.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo ninapoirudisha hoja Unguja. Kisiwa hiki hakina ugeni na mawasiliano ya mbali: waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika hapa chini ya bahari mwaka 1879, na jengo la kampuni ya simu za nje pale Shangani limesimama bado, sasa likiwa hoteli. Tuna SUZA pale Tunguu. Tangu 2023 kuna tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras pale Bweleo, lililoanza na shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili mnemba, na data ni nusu ya kazi ya setilaiti. Wanafunzi wapo. Wanaolazimika kuanza na mchemraba wa kuruka wanaanza katikati ya safari. Sisi tungeanza na antena.

Kituo cha chini cha wanafunzi hakidai fedha za serikali mbili. Antena ya kuelekezwa, ambayo mafundi wa chuo wanaweza kuikata na kuichomelea wenyewe, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, na programu za bure: kwa vitu hivyo watu wa mtandao wa SatNOGS, ulioanzia Ugiriki, husikiliza setilaiti za vyuo vya dunia nzima na kugawana walichosikia. Setilaiti zinazoachiwa kutoka Kibo hupita juu ya nyuzi zetu 6 kusini ya ikweta mara kadhaa kwa siku, kila safari kwa muda usiozidi dakika 10 hivi. Anayetaka kutuma, si kupokea tu, ataomba leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na stesheni za redio za ridhaa za Zanzibar zina alama yao inayotambulika ulimwenguni, 5H1. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akijifunza kuifuata setilaiti ya chuo kingine hadi inapozama upande wa Chwaka, kusahihisha masafa yanayobadilika kwa sababu ya kasi yake, na kuifumbua taarifa ya betri iliyomo ndani ya mlio, huyo akifika mwaka wa tatu anajua setilaiti yake inatakiwa kusema nini na kwa namna gani isikike.

Muda nao una mpaka. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimepangwa kuondolewa baada ya mwaka 2030, na chumba cha Kibo kitaondoka nacho, na mlango ulioipeleka Nairobi angani bila nauli utakuwa umefungwa. Maombi ya chuo kinachoomba nafasi kama hiyo hupimwa pia kwa uwezo wake wa kuongea na setilaiti ikishaachiwa. Tunguu ina ardhi, ina chuo, na ni mahali palipokwisha kuchaguliwa mara moja kwa kituo cha Mercury. Antena ya kwanza inaweza kusimamishwa muhula huu.