Mahandaki ya Mafunzo katika Cannock Chase

Katika misitu na vichaka vya Cannock Chase, Staffordshire, Uingereza, ambako kambi za Brocton na Rugeley zilijengwa mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ardhi ingali na alama za askari waliofunzwa humo kabla ya kupelekwa Ufaransa na Ubelgiji. Mahandaki ya mazoezi, ambayo leo ni mifereji ya kina kifupi iliyojaa majani makavu, yalichimbwa kwa kupindapinda ili bomu likiangukia sehemu moja lisiwaue walio katika sehemu ya pili. Mengi yametambuliwa kwa upimaji wa leza kutoka angani, yaani ndege hurusha miale ya mwanga na kupima muda inaochukua kurudi, njia inayofichua umbo la ardhi hata chini ya miti. Lakini hazina kuu ya mahali hapo ni kielelezo cha saruji cha kijiji cha Messines nchini Ubelgiji, kijiji kilichotekwa na askari wa New Zealand mwezi Juni 1917. Wafungwa wa Kijerumani walijenga kielelezo hicho chini ya usimamizi wa askari hao, kikionyesha barabara, nyumba na mahandaki kwa vipimo vidogo. Wanaakiolojia walikifukua mwaka 2013, wakakipima, kisha wakakifukia tena, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa saruji iliyoachwa wazi ingeharibiwa na baridi na nyayo za wageni.