Vipimo vya Kuazima: Tarehe ya Kupima Bahari Iliyotiwa Ndani ya Kioo

Mtu afugaye samaki wa bahari ndani ya tangi la kioo, akaaye Chicago au katika mji mwingine wowote ulio mbali na pwani, aghalabu huwa na kisanduku cha zana zake: kipimo cha kuelea kiitwacho haidromita, kibomba cha kuchungulia kiitwacho rifraktomita, vichupa vya dawa za matone za kupimia amonia na naitraiti, na kifaa cha kupimia pH. Kwa kuwa zana hizo zimekaa pamoja na huuzwa katika duka moja, ni rahisi kudhani kuwa zilibuniwa kwa ajili yake na samaki wake. Hasha! Ukiifuata nasaba ya kila moja utafika kwa mtoza ushuru wa mvinyo, kwa mpika bia, kwa mpima maji ya matunda, ama kwa mwanachuoni aliyetaka kujua iwapo dhahabu aliyoonyeshwa ni safi au imetiwa shaba. Na huyo mfugaji wa samaki utamkuta mwisho kabisa wa safu, kaja kuazima.

Wanaostahiki kutangulizwa ni wanachuoni wa Kiislamu. Katika karne ya 11 al-Biruni alipima madini na vito kwa kulinganisha uzito wake na uzito wa maji, akabainisha kuwa maji matamu na maji ya chumvi, maji ya moto na maji ya baridi, hayalingani kwa uzito hata yakijaa chombo kimoja. Baada yake akaja al-Khazini wa mji wa Merv, ambaye mwaka 1121 alikitimiza kitabu chake Kitab Mizan al-Hikma, na humo akaeleza chombo alichokinasibisha na Pappus, mwanahisabati wa Iskandaria: bomba la shaba lenye uwazi ndani, urefu wake kama nusu dhiraa na upana wake hauzidi vidole viwili, limechorwa mistari ya daraja ubavuni, nalo huelea wima, likizama sana katika maji mepesi na kidogo katika maji mazito. Katika jedwali lake la vimiminika aliandika kuwa maji ya bahari huyazidi maji matamu kwa sehemu 41 katika kila elfu. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko ile ya bahari kuu, ambayo ziada yake ni sehemu 26 hadi 28 kwa kadiri ya joto. Walakini kwamba mtu wa bara, aliyezungukwa na mchanga wa Khorasan, aliona inafaa kuiweka bahari katika jedwali moja na mafuta ya zeituni na maziwa ya ng'ombe, ni jambo linalomstahilisha heshima zaidi ya usahihi wa tarakimu.

Ulaya, kipimo hicho cha kuelea kilivaa kanzu ya serikali. Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, aliandika juu ya chumvi ya bahari na juu ya chombo cha kuelea katika miaka ya 1670, lakini walioeneza chombo hicho si wanachuoni bali ni maofisa wa ushuru, kwa sababu pombe kali ilitozwa kodi kwa kadiri ya ukali wake, na pombe ikiwa kali huwa nyepesi kuliko maji. (Wasomaji wetu wasiokunywa na watuwie radhi, kwani tarehe hii haisimuliki bila harufu ya pombe.) Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilikiidhinisha kwa sheria chombo cha Sikes kiwe ndicho kipimo cha ushuru. Kabla ya hapo, mwaka 1768, Antoine Baumé wa Ufaransa alikuwa ameweka daraja zake za vimiminika vizito kwa kukitumbukiza chombo ndani ya maji yaliyotiwa sehemu 15 za chumvi kwa sehemu 85 za maji, na pale kiliposimama akaandika 15. Chumvi basi ilikwishakuwa kigezo cha kupimia sharubati na dawa, kabla hajatokea mtu wa kuihitaji kupimwa yenyewe kwa ajili ya uhai wa kiumbe.

Mtu huyo alitokea London, naye alikuwa mwanamke. Katika mwaka 1846 Anna Thynne, mkewe kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe hai huko Torquay, akayatia katika mtungi wa mawe na kusafiri nayo mpaka mjini. Maji ya bahari yalikuwa adimu na ya gharama, hivyo hakuweza kuyamwaga kila siku. Badala yake alimwamrisha mtumishi wake ayamimine huku na huko mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda wa nusu saa hadi dakika 45, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata akaongeza mwani, na matumbawe yakaishi na kuzaa. Hatuna budi kumkumbuka na yule mtumishi, ambaye jina lake halikuandikwa ilhali mikono yake ndiyo iliyofanya kazi ifanywayo leo na pampu ya umeme.

Mambo yakaenda upesi baada ya hapo, na sababu moja ni kwamba kodi ya vioo ilikuwa imefutwa nchini humo mwaka 1845, kioo kikawa rahisi. Robert Warington, mkemia, alichunguza jinsi mimea, samaki na konokono wanavyoweza kutunzana katika maji yasiyobadilishwa. Philip Henry Gosse akakusanya viumbe vya pwani. Na mwezi wa Mei 1853 nyumba ya samaki ikafunguliwa kwa watu wote katika bustani ya wanyama ya Regent's Park. Mwaka uliofuata Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium, na haukupita muda ikawa kila nyumba yenye nafasi yataka bahari yake sebuleni.

Hapo ndipo ilipodhihiri taabu ambayo mtu wa pwani hajapata kuijua. Maji yakikaa katika chombo hupunguka kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi haitoki pamoja na mvuke. Hivyo kila siku ipitayo bahari ya sebuleni huzidi kuwa kali, na mwenyewe, akiona maji yamepunguka, akaongeza maji mengine ya bahari kwa nia njema, huwa anawaua wanyama wake taratibu. Dawa ni kutia alama kwenye kioo pale maji yalipofika siku ya kwanza, na kila yakishuka kuyarudisha kwenye alama kwa maji matamu yaliyo safi. Na kwa mwenye shaka, palikuwapo haidromita, ile ile ya watoza ushuru na wapika bia, pamoja na vishanga vya kioo vyenye uwazi ndani, vya aina ambayo Isabella Lovi wa Edinburgh aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1805: kila kishanga kimetengenezwa kielee katika kimiminika cha uzito fulani na kizame katika kilicho chepesi kuliko hicho.

Kwa wale ambao hata kuletewa maji kulikuwa muhali, Gosse alifanya jambo la ujasiri zaidi. Katika mwaka 1854 alichukua uchambuzi wa maji ya mlango bahari wa Uingereza uliofanywa na mkemia Schweitzer, akaunda bahari kwa mizani: aunsi tatu na nusu za chumvi ya kupikia, robo aunsi ya chumvi ya Epsom, punje 200 za kloridi ya magnesi na punje 40 za kloridi ya potasi, katika maji yasiyotimia kwoti nne. Akatia mwani kwanza, kisha wanyama, nao wakaishi. Mwenye kuitazama orodha hiyo kwa macho ya leo ataona kuwa haina chokaa, na tumbawe hujenga mifupa yake kwa chokaa. Ila kwa wanyama wa Gosse, ambao wengi wao hawakuhitaji kujenga ukuta, karamu hiyo ilitosha.

Je, kwa nini mtu aridhike na namba moja tu, ya uzito, ilhali maji ya bahari yamechanganyika madini chungu nzima? Jawabu lilichukua takriban miaka 65 kuthibitishwa. Mwaka 1819 Alexander Marcet, tabibu wa London mzaliwa wa Geneva, alisema kuwa bahari zote zina madini yale yale kwa uwiano ule ule takriban, na tofauti ni wingi wa maji tu. Mwaka 1865 Forchhammer wa Denmark, baada ya kazi ya miaka 20, akaitia nguvu kauli hiyo. Kisha meli Challenger ikazunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na William Dittmar akazichambua sampuli 77 ilizoleta. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 1884, yakafunga mjadala. Ukiijua klorini peke yake, umeijua bahari yote.

Juu ya msingi huo Martin Knudsen wa Copenhagen alitoa majedwali yake mwaka 1901, na kazi ya kupima ikawa ibada yenye taratibu. Mpimaji huvuta maji kwa pipeti, huyatia kromati ya potasi kidogo yakawa manjano, kisha hufungua bureti yenye maji ya naitreti ya fedha yadondoke tone baada ya tone huku akikoroga. Fedha na klorini hukumbatiana papo hapo, zikaganda nyeupe kama mtindi. Na klorini inapokwisha, tone moja la ziada huacha wekundu wa matofali usiofutika kwa kukoroga. Hapo husoma bureti na kulinganisha na maji ya kigezo, yaliyofungwa ndani ya chupa za kioo zilizozibwa kwa moto, ambazo Copenhagen ilizigawa kwa maabara za dunia hata miaka ya 1970, kazi hiyo ilipohamia Uingereza. Kwa miongo mingi, basi, mpimaji wa Bahari ya Hindi na mpimaji wa Pasifiki wote walikuwa wakiulizana habari na chupa moja ya Denmark.

Mfugaji wa nyumbani hakuwa na haja ya usahihi huo, wala fedha ya kuununua. Haja yake nyingine ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni kujua sumu. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, na katika chombo kidogo haina pa kwenda mpaka wazaliwe vidudu wa kuigeuza kuwa naitraiti, na wengine wa kuigeuza naitraiti kuwa naitreti. Hiyo ndiyo kazi ambayo Winogradsky, mtaalamu wa vidudu, aliifafanua mnamo 1890, na ambayo katika tangi jipya huchukua majuma kadhaa, huku amonia ikipanda na kushuka, kisha naitraiti nayo ikifuata njia ile ile. Julius Nessler, Mjerumani, alikwisha kutoa mwaka 1856 dawa iyageuzayo maji yenye amonia kuwa manjano hata hudhurungi. Naitraiti ilipata kipimo chake mwaka 1879, kwa Peter Griess, naye alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton upon Trent. Na kipimo cha pH kilitungwa mwaka 1909 na Sørensen, katika maabara ya Carlsberg, wapika bia wa Copenhagen. Sijui kama yuko mfugaji wa samaki anayewaza hayo anapotazama maji yake yakigeuka waridi katika kichupa, lakini deni liko pale pale.

Umuhimu wa vipimo hivyo waonekana vizuri kabisa katika safari ya samaki wetu wenyewe. Pwani ya Kenya wapiga mbizi hukamata kangaja, vitatange na wengineo kwa nyavu za mkono, na samaki hao hupelekwa Ulaya na Marekani kwa ndege, kila mmoja katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi. Njiani samaki hupumua na kutoa amonia. Pumzi yake hutia maji uchachu, pH ikashuka, na uchachu huo huifanya amonia kuwa si kali. Mfuko ukifunguliwa hewa chafu hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala huamka. Mpokezi asiyepima, akaacha mfuko wazi muda mrefu akidhani anamzoeza mgeni wake, humdhuru baada ya safari yote aliyoistahimili.

Katika miaka ya 1960 Wamarekani walianza kuuza chumvi ya bahari iliyochanganywa tayari, mfano wa Instant Ocean ya Ohio, na ndoto ya Gosse ikawa bidhaa ya dukani. Wakati huo huo, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika kuwa yeye hufuga kwa maji ya bahari halisi, mawe hai ya matumbawe na mapovu machache ya hewa, basi. Wengi wa bara walimwonea shaka, lakini yeye alikaa karibu na bahari. Hata hivyo ukaribu nao si dhamana: wakati wa masika mito Sabaki na Tana huyapunguza makali maji ya ufuo wetu wa kaskazini, na achotaye ndoo bila kupima huenda akachota nusu mto.

Imebaki rifraktomita. Asili yake ni vyombo vya Ernst Abbe wa Jena katika miaka ya 1870, navyo hupima jinsi mwanga unavyopinda: katika maji matamu 1.333, katika maji ya bahari yapata 1.339. Walioipokea kwanza kwa wingi ni wapimao sukari katika maji ya matunda na zabibu, kisha wauzao nyama na samaki wa kutia chumvi, wakaichorea daraja za chumvi ya kupikia. Mfugaji akaiazima hiyo hiyo. Lakini chumvi ya kupikia si bahari, na maji ya bahari yenye sehemu 35 kwa elfu husomeka humo takriban 36 na nusu. Hivyo aliyejitahidi kuyafikisha maji yake kwenye alama ya 35, akaipangusa lenzi na kujipongeza, kwa hakika ameyaacha pungufu kwa sehemu moja na nusu. Siku hizi zapatikana rifraktomita zilizochorwa kwa maji ya bahari yenyewe, pamoja na kichupa cha maji ya sehemu 35 cha kuzisahihishia. Zile za chumvi ya kupikia bado zinauzwa kando yake, kwa umbo lile lile, na mnunuzi hana njia ya kuzitambua ila kutia tone la maji ya kigezo na kuchungulia.