Ekses: shilingi za kwanza ni zako mwenyewe

Nimeadimika kidogo, nilikuwa nyumbani Ifakara. Kama kawaida yangu nilishuka hadi Kivukoni kuutazama mto, na nikiwa pale baba mdogo akanipa kisa ambacho kimenirudisha kwenye vitabu.

Baba mdogo ana pikapu ya Kijapani, anabebea mpunga wake. Thamani aliyoandikisha ni shilingi 10,000,000. Akakata bima kubwa: asilimia 3.5, yaani 350,000, ukiongeza VAT inafika 413,000. Masika lori likamrudia kinyumenyume kwenye tope, likavunja taa na bampa, halafu likatokomea. Gereji wakamwambia 640,000. Akajaza fomu ya madai kwa furaha kabisa. Siku ya malipo akapewa 140,000.

"Mwanangu, nimewapa laki nne na ushee, wao wananipa laki moja na arobaini! Huu si wizi?"

Nikaomba mkataba. Ukurasa wa pili, herufi ndogo: ekses asilimia 10 ya hasara, isipungue 500,000. Sio wizi. Ila wakala hakumwambia, na yeye hakusoma. (Kampuni siitaji, msiniulize.)

Ekses ni lile fungu la kwanza la hasara ambalo mwenye gari analibeba mwenyewe, bima inaanzia hapo kwenda juu. Wengi tunadhani ni ujanja wa juzijuzi wa makampuni. Kumbe umri wake ni mkubwa kuliko gari lenyewe!

Asili yake ni majini. Kule London, wafanyabiashara wa bima za meli waliokuwa wakikutana kwenye mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd walichoshwa na madai ya gunia moja lililolowa, pipa moja lililovuja. Mwaka 1749 wakaingiza kifungu kwenye mikataba yao: sukari, tumbaku na katani, hasara ikiwa chini ya asilimia 5 mwenye mzigo asidai, bidhaa nyingine nyingi, chini ya asilimia 3. Nafaka, samaki na chumvi, ambavyo huharibika upesi, waliviwekea masharti makali zaidi. Tofauti na ekses yetu, hasara ikishavuka kiwango kile ulilipwa yote. Leo hata ukivuka, fungu lako linakatwa tu. Hapo naona mwenye mali ndiye aliyepoteza.

Huku kwetu bima ya gari ililetwa na mkoloni kwa sheria. Tanganyika ilitunga sheria ya bima ya magari mwaka 1945, ikifuata mfano wa Uingereza ya 1930, na sura yake ya 169 bado ipo kwenye vitabu vyetu. Sheria ile haikujali bampa lako. Ilimjali mtu wa tatu, yule unayemgonga. Ndiyo hii tunayoiita bima ndogo. Gari lako mwenyewe likiharibika ni shauri lako, unaweza kusema ekses yake ni gari zima.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, likaanzishwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na biashara ya bima ikawekwa mikononi mwa shirika hilo peke yake. Zanzibar nao wakaunda la kwao mwaka 1969. Kwa karibu miaka thelathini Bara ilikuwa na mlango mmoja wa bima. Swali la "nichague ekses gani?" lingemchekesha mtu wa 1975, maana hata gari lenyewe hakulichagua, alilisubiri kwa kibali.

Mambo yakabadilika kwa Sheria ya Bima ya 1996 iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi, wakati magari ya mitumba kutoka Japani nayo yakimiminika bandarini. Sheria nyingine ya 2009 ikaunda TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ushindani ukaleta bei mbalimbali, na hapa ndipo ekses ilipogeuka kuwa chambo. Kampuni ikitaka ada yake ionekane ndogo, inapandisha ekses. Mteja anatazama ada, hatazami ule mstari mwingine.

Haya, turudi kwa baba mdogo. Tulizunguka mjini tukapata ofisi nyingine: ekses 200,000, ada zaidi kwa 60,000 kwa mwaka. Tukapiga hesabu kwenye kibao cha sigara. Tofauti ya ekses ni 300,000. Ukigawa kwa 60,000 unapata miaka mitano. Ukiamini utakaa zaidi ya miaka mitano bila ajali ya maana, chukua ekses kubwa na ubaki na fedha yako. Ukiona utadai mapema zaidi, lipa hiyo elfu sitini.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu haionyeshi, nalo ni kalenda. Fedha ya Kilombero huja baada ya kuvuna mpunga. Ajali huja masika, Machi na Aprili, tope likiwa hadi kwenye ekseli na mfuko ukiwa mtupu. Laki tano ya Julai sio laki tano ya Aprili! Mwenye mshahara wa kila mwezi Dar es Salaam anaweza kubeba ekses kubwa asitetereke. Mkulima je?

Na pale Kivukoni tuna kumbukumbu yetu. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama na magari yaliyokuwa juu yake. Mikataba mingi ya bima kubwa hutaja gari likisafirishwa kwa reli au njia za maji za ndani, kwa hiyo mwenye nayo alikuwa na mahali pa kuanzia, akatwe ekses yake alipwe kilichobaki. Mwenye bima ndogo alibaki anautazama mto. Sasa daraja lipo, Rais Magufuli alilizindua Mei 2018, na hofu ya maji imepungua. Malori yamebaki.

Baba mdogo alifikiri siku mbili. Amehamia ile ofisi ya pili, ekses 200,000. Mkataba amenionyesha, ule mstari ameupigia kalamu nyekundu, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "kabla ya mavuno."